Maarifa ya Nyumbani: Kwa Sababu Gani Shitingi Hugeuka Unga?



Juma hili tuzungumze habari za kitu mnachokijua vema, nacho ni shitingi, yaani turubai la plastiki. Wakaaji wa Goma hawahitaji kuelezwa. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, jamaa nyingi zilipoteza nyumba zao, na wengi walilala chini ya karatasi hiyo nyembamba. Wengine wengi wamelala chini yake kwa sababu ya vita. Hata mahali pasipo na msiba, watu huanika mihogo juu ya shitingi, hufunika matofali mabichi, na huezeka banda la kuku. Basi si jambo dogo kujua kitu hicho huishi namna gani, na hufa namna gani.

Sikilizeni kwanza maneno ya mama mmoja na mwanawe, mwanafunzi wa shule ya sekondari. Mvua za mwezi wa Septemba zilikuwa zimeanza. Usiku maji yaliwaangukia watoto kitandani. Asubuhi mama alipanda juu ya kiti, akaigusa shitingi iliyofunika nyumba yao, akashangaa.

“Mwanangu,” alisema, “hapa hapakutobolewa na mtu. Panya hawakula, moto haukugusa. Tulipoifunga juu mwaka juzi, baba yako aliivuta kwa nguvu zake zote isichanike. Leo nimeigusa kwa kidole kimoja, nayo imevunjika kama jani kavu la mgomba. Nani ameiharibu?”

“Ni joto la jua, mama,” kijana akajibu.

“Joto? Nilikata kipande cha shitingi hiihii, nikafungia mkaa jikoni. Huko kuna joto mwaka mzima, na kipande kile kingali kizima. Basi ni joto gani hilo linalochagua?”

Kijana akanyamaza. Tusimcheke. Mama alikuwa ameuliza kama wataalamu wanavyouliza: aliweka vipande viwili vya kitu kimoja mahali pawili, akatazama kipi kimekufa. Na sisi tufuate njia yake.

Plastiki ni mnyororo

Shitingi imefanyizwa kwa plastiki iitwayo polietilini. Plastiki hiyo ilipatikana Uingereza mwaka 1933, katika maabara ya kiwanda cha kemikali. Ndani yake, chembe ndogo sana za kaboni, ziitwazo atomu, zimeshikana mkono kwa mkono katika mstari mrefu, maelfu kwa maelfu, mfano wa watu waliopanga safu kutoka kilimani mpaka mtoni. Mstari kama huo huitwa polima. Mistari hiyo imepitana na kusokotana kama nyuzi za kamba. Nguvu yote ya plastiki imo katika urefu wa mistari yake. Mistari ikiwa mirefu, plastiki hunyumbuka na kuvutika. Mistari ikikatwa vipande vifupi, plastiki haina tena cha kuishikamanisha: hukauka, hupasuka, mwisho hugeuka unga.

Basi aliyeiharibu shitingi ya mama ni yule aliyekata mistari. Ni nani?

Adui wawili wafanyao kazi pamoja

Mwanga wa jua una rangi nyingi, kama upinde wa mvua unavyotuonyesha. Ng'ambo ya rangi ya urujuani iko mionzi ambayo jicho haliioni. Huitwa mionzi ya urujuanimno. Ndiyo inayofifiza rangi ya nguo na kuchoma ngozi ya watu weupe. Mionzi hiyo hutujia kama vipakiti vidogo vya nguvu, na kila kipakiti chaweza kuvunja mshikano wa atomu. Vipakiti vya rangi nyekundu, au vya joto la jiko, havina nguvu hiyo, hata vikiwa vingi. Watoto mia wakiitupia kamba majani makavu hawataikata. Lakini kisu kimoja kitaikata. Sasa twajua kwa nini kipande cha jikoni kilipona: kilikuwa na joto, lakini kisu hakikukifikia.

Lakini kuna adui wa pili, naye ni oksijeni, ile hewa tunayoivuta ili tuishi. Mionzi ikikata mstari, panabaki ncha mbili zenye mikono mitupu. Oksijeni huushika mkono mtupu upesi, nao ule mkono wenye oksijeni huunyang'anya mstari wa jirani atomu yake moja. Jirani naye amebaki na mkono mtupu, huyo naye hushika oksijeni, na hivyo shari huenda kutoka mstari mmoja hata mwingine. Kipakiti kimoja tu cha mwanga chaweza kuanzisha ugomvi unaokata mistari mingi. Joto, ambalo kijana alilishtaki, si mkosaji mkuu, walakini ni msaidizi: huharakisha ugomvi uliokwisha kuanza.

Utauliza: Kwa nini ubao au ndoo nene ya plastiki haifi upesi kama shitingi? Jibu ni hili: katika kitu kinene, oksijeni haifiki ndani kwa wepesi, na mionzi hupungua njiani. Ngozi ya juu huharibika, lakini nyama ya ndani huendelea kubeba mzigo. Utando mwembamba hauna nyama. Ni ngozi tupu. Ulipoharibika juu, umeharibika wote.

Kwetu hatari hiyo ni kubwa zaidi kuliko Ulaya. Karibu na ikweta jua hupita juu ya vichwa vyetu, na mionzi hukata njia fupi katika hewa. Tena, kadiri tunavyopanda mlima, mionzi ya urujuanimno huongezeka, yapata asilimia 10 kwa kila meta 1,000. Mji wa Goma uko kwenye kimo cha meta 1,500 hivi. Plastiki iliyosifiwa kwa miaka katika nchi ya mawingu isitegemewe kuishi miaka ileile huku kwetu.

Ngao tatu

Wataalamu wameigundua dawa namna tatu, nasi tuzitazame moja moja.

Ngao ya kwanza ni masizi. Naam, masizi, mfano wa yale yanayokaa chini ya sufuria, lakini yaliyotengenezwa kiwandani yakawa laini sana. Yakichanganywa katika plastiki, sehemu mbili au tatu kwa mia, huimeza mionzi na kuigeuza joto dogo lisilodhuru. Ndiyo maana mabomba ya maji ya polietilini yanayokaa nje mara nyingi ni meusi. Tazameni pia shitingi za misaada, zile za meta 4 kwa 5. Ukichana ukingo wake utaona ndani nyuzi nyeusi zilizofumwa, na juu yake tabaka jeupe pande zote mbili. Rangi nyeusi huzikinga nyuzi na mwanga. Rangi nyeupe hurudisha sehemu ya joto.

Ngao ya pili ni dawa zisizo na rangi, zinazomeza mionzi ya urujuanimno na kuacha mwanga mwingine upite. Hizo hufaa pale mtu anapotaka mwanga, kama katika nyumba za plastiki za kuoteshea mboga. Lakini zina udhaifu mmoja. Ili dawa imeze mionzi, mionzi ipite ndani yake safari ya kutosha. Katika kitu kinene safari ni ndefu. Katika utando mwembamba safari ni fupi mno, na mionzi mingi hutoka upande wa pili kabla haijamezwa.

Kwa hiyo kwa tando nyembamba hutumiwa zaidi ngao ya tatu: dawa za jamii ya amini, zilizoenea viwandani tangu miaka ya 1970. Dawa hizo hazizuii kisu. Huzima ugomvi. Mahali mstari ulipokatwa na mkono ukabaki mtupu, dawa huushika kabla haujamdhuru jirani. Tena ikiisha kufanya kazi yake, hurudia hali yake ya kwanza, ikafanya kazi tena. Ndiyo maana kiasi kidogo hudumu siku nyingi. Walakini dawa hizo nazo zina adui: madawa ya shambani yenye salfa au klorini huziua. Mkulima anayenyunyiza salfa ndani ya nyumba ya plastiki aifuate kwa kipimo, la sivyo ataponya mboga na kuua paa.

Mionzi iliyo kali zaidi

Katika Kongo, neno mionzi huwakumbusha wengi urani ya Shinkolobwe, au kinu cha atomu kilichoanza kazi mwaka 1959 katika Chuo Kikuu cha Lovanium, mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Kilikuwa cha kwanza katika Afrika, na aliyekipigania ni mkuu wa chuo, Monsinyori Luc Gillon, padri aliyekuwa pia mtaalamu wa fizikia. Mionzi itokayo katika atomu hupita katika vitu kwa nguvu kuliko mwanga wa jua. Je, nayo huziharibu polima?

Hapa pana jambo la ajabu. Mwaka 1952 mtaalamu Arthur Charlesby, katika Uingereza, alionyesha kwamba polietilini iliyowekwa katika mionzi ya kinu cha atomu yaweza kutoka ikiwa na nguvu zaidi. Mistari ilikatwa, lakini mikono mitupu ilishikana na mikono ya mistari jirani, wakawa wavu mmoja. Leo viwanda hutumia njia hiyo kutengeneza maganda ya nyaya za umeme. Lakini plastiki nyingine ikipigwa na mionzi hiyohiyo hukatika tu, haifungamani tena. Mfano wake ni Teflon, ile inayopakwa katika vikaango. Joto la kawaida la kupikia haliiwezi, na asidi nyingi haziiwezi. Walakini mbele ya mionzi ya atomu, hasa pakiwapo hewa, ni dhaifu kuliko polietilini ya bei ndogo.

Tuzingatie hayo: hakuna utando ulio hodari mbele ya maadui wote. Anayeshinda vita hii ameshindwa katika ile.

Somo la darubini za angani

Wataalamu wa Marekani walijifunza jambo hilo kwa gharama kubwa. Mwezi wa Aprili 1990 waliipeleka angani darubini kubwa iitwayo Hubble, izunguke dunia kwenye kimo cha kilometa 600 hivi. Waliivika blanketi la tando nyingi ili isishikwe na joto wala baridi. Utando wa nje ulikuwa wa jamii ya Teflon, wenye unene wa sehemu 127 za elfu moja za milimita, nao umepakwa chuma king'aacho kwa upande wa ndani. Kule juu hakuna hewa ya kuchuja mionzi. Jua hupiga wazi. Chembe za umeme na za atomu hupiga pia. Na kwa kuwa darubini huzunguka dunia katika muda usiotimia saa 2, hupita kutoka jua hadi kivuli na kurudi, mara 15 hivi kwa siku. Kila mara blanketi hupata joto na kutanuka, kisha hupata baridi na kunywea.

Mwezi wa Februari 1997 wanaanga walikwenda kuitengeneza. Wakakuta utando wa nje umepasuka mahali pengi, na mahali pengine umejikunja. Wakashona viraka kwa vitu walivyokuwa navyo, kama mama anavyoziba paa usiku wa mvua. Kipande kililetwa duniani kikachunguzwa. Ikaonekana kwamba mionzi ilikuwa imekata mistari kidogo kidogo, na kutanuka na kunywea kukamaliza kazi. Katika safari za mwaka 1999 na 2009 baadhi ya mahali pale pakavikwa karatasi nyembamba za chuma kisichoshika kutu.

Basi, kwa nini hawakutumia plastiki nyingine? Ipo moja ya rangi ya dhahabu iitwayo Kapton, iliyo hodari sana mbele ya mionzi na joto. Lakini nayo ina adui wake. Kule juu mionzi ya jua huipasua oksijeni ikawa atomu mojamoja, zenye njaa kuliko oksijeni tunayoivuta. Chombo kikipita kwa mwendo wa karibu kilometa 8 kwa nukta moja ya saa, atomu hizo hukipiga usoni na kuila Kapton kama mchwa alavyo ubao. Wamarekani waliliona jambo hilo katika safari za kwanza za chombo chao cha kwenda na kurudi, tangu mwaka 1981.

Dawa yake ni kupaka juu ya Kapton tabaka jembamba la kitu ambacho tayari kimeshiba oksijeni, mfano wa kile kilicho katika mchanga na kioo. Mabawa makubwa ya kukusanyia nguvu za jua katika kituo cha kimataifa cha angani yamekingwa hivyo. Lakini tabaka hilo lisiwe na tundu. Penye tundu dogo kama ncha ya sindano, oksijeni huingia na kuchimba pango chini ya tabaka. Juu panaonekana pazima, chini mna utupu.

Mfano wa mwisho ni darubini ya Webb, iliyorushwa siku ya Noeli ya mwaka 2021 kutoka Kourou, katika Guyana ya Wafaransa. Imekwenda mbali, kilometa milioni 1 na nusu, ambako ile oksijeni ya mojamoja haipo. Kwa hiyo Kapton yafaa huko. Mwavuli wake ni mpana kama uwanja wa tenisi, nao una tando tano. Ule wa kwanza una unene wa sehemu 50 za elfu moja za milimita, na mingine minne sehemu 25 tu. Yote imepakwa alumini, na miwili inayotangulia mbele ya jua imepakwa silikoni juu ya alumini. Upande wa jua joto laweza kufika digrii 110 hivi. Upande wa kivuli baridi hushuka chini ya digrii 230 chini ya sifuri. Kwa kuwa walijua kwamba vijiwe vya angani vitautoboa, waliugawa kila utando kwa mishono, ili mchaniko ukianza usivuke mpaka wa chumba chake.

Turudi kwa shitingi yetu

Hatuna alumini wala silikoni ya kupaka. Lakini shauri ni lilelile: mjue adui, kisha weka ngao kabla hajapiga. Kwa maana mistari iliyokatika haiungwi tena. Anayeanza kuifunika shitingi baada ya kuiona imekauka amechelewa. Basi wazazi, shikeni haya:

Kwanza, mnaponunua, itazameni shitingi kwa kuikinga na mwanga. Ile isiyopitisha mwanga, yenye nyuzi nyeusi ndani, ni bora kuliko ile ya uwazi isiyotiwa dawa.

Pili, ifunikeni juu kwa manyasi, majani ya mgomba au mkeka wa zamani, mbali na moto. Kivuli ni ngao isiyogharimu franka hata moja.

Tatu, ivuteni ikaze. Shitingi inayopigwapigwa na upepo huchoka kama blanketi la Hubble lilivyochoka kwa kutanuka na kunywea.

Nne, inapogusa msumari au bati la moto, wekeni kitambaa katikati, kwa maana huko joto huharakisha ugomvi. Na tundu dogo lizibwe siku ileile.

Tano, ile ya kuanikia mihogo isilale nje bila kazi. Kunjeni na kuiweka ndani.

Sita, kabla ya mwezi wa Septemba kunjeni pembe moja kwa nguvu. Ikitoa mlio wa kupasuka, au ikiacha unga mweupe kidoleni, haitafika mwisho wa mvua. Ibadilini mapema, nanyi mkusanye vipande vyote visiingie shambani, kwa maana plastiki iliyovunjika haijaisha. Imekuwa ndogo tu. Wala msianike tena chakula juu yake.

Siku chache baadaye yule kijana alirudi kutoka shule.

“Mama,” alisema, “nilikujibu vibaya. Si joto. Ni mwanga usioonekana, pamoja na hewa.”

Mama alikuwa akifunga manyasi juu ya shitingi mpya. Akamjibu: “Basi usisimame hapo na maarifa yako, mwanangu. Nipe fungu lile la manyasi kabla jua halijapanda.”